Mgeni njoo mwenyeji apone? Kuhusu watetezi wa makampuni tanzu ya kigeni huko Washington



Mjadala wa wawekezaji kwetu una njia mbili tu. Upande mmoja utasikia "wanauza nchi", upande wa pili utasikia "mgeni njoo mwenyeji apone". Leo naomba tuutazame mjadala huu huu ukiwa Marekani, mahali ambapo Mmarekani ndiye mwenyeji, na Mjerumani, Mjapani, Mwingereza au Mdubai ndiye anayebisha hodi na mtaji wake mkononi. Washington kuna watu wanaolipwa kwa kazi moja: kuyasemea makampuni tanzu ya kigeni mbele ya Bunge na serikali. Hoja zao zinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki maandishi mengine yoyote. Zinasema nini? Zinanyamazia nini? Na ni neno gani linabebeshwa mzigo wote?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusipotezeane muda. Dai lao la msingi ni la haki. Ila wanalitumia kwa upande mmoja: uenyeji wanauvaa penye manufaa na wanauvua penye wajibu. Na sisi tunaowapinga mara nyingi tunawasaidia, kwa kuwa tunashambulia asili ya mgeni badala ya masharti yake.

1. Ni akina nani, na wanadai nini

Chama kinachojulikana zaidi katika kazi hii kilianzishwa mwaka 1990 kwa jina la Organization for International Investment, kwa kifupi OFII. Siku hizi kinaitwa Global Business Alliance. Wanachama wake ni makampuni yanayofanya kazi Marekani ambayo kampuni mama ziko nje. Tazameni mwaka huo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani walishikwa na hofu ya Mjapani. Mwaka 1989 Sony ilinunua Columbia Pictures, na mwaka huo huo Mitsubishi Estate ikachukua sehemu kubwa ya Rockefeller Center pale New York. Mwaka mmoja kabla, 1988, Bunge lilikuwa limempa rais uwezo wa kuzuia mgeni asinunue kampuni ya Marekani kwa sababu ya usalama wa taifa. Kwa hiyo chama hiki ni mtoto wa hofu hiyo.

Dai lenyewe ni jepesi kulieleza. Kampuni iliyosajiliwa Ohio, yenye kiwanda Ohio, inayoajiri watu wa Ohio, ihesabiwe ya Ohio. Sheria isiulize mwenye hisa analala nchi gani. Basi.

Kuna sababu nyingine ya wao kujikita bungeni, na kwetu ni ya kujifunza. Mwekezaji wa Uingereza akigombana na serikali ya Tanzania, anao mkataba wa kulinda vitega uchumi unaomruhusu kuipeleka serikali mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Indiana Resources walifanya hivyo kuhusu leseni ya nikeli ya Ntaka Hill, na mwaka 2023 Tanzania ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 100. Lakini Mwingereza, Mjerumani au Mjapani aliyewekeza Marekani hana mkataba wa aina hiyo wa kumburuta Mmarekani. Dodoma anatumia mwanasheria, Washington anabembeleza. Ndiyo maana biashara ya kubembeleza imenona.

2. Walipo na haki

Tuwatendee haki kwanza. Mwaka 2006 DP World ya Dubai iliinunua P&O ya Uingereza. P&O ilikuwa ikiendesha magati ya mizigo katika bandari kadhaa za Marekani, zikiwemo New York, Baltimore na Miami. Mwingereza alipokuwa anaendesha, hakuna aliyepiga kelele. Mwarabu alipotaka kurithi kazi ile ile, kwa makuli wale wale, huku ulinzi ukibaki kwa wale wale walinzi wa pwani na forodha wa Marekani, nchi ikatikisika. Kamati moja ya Baraza la Wawakilishi ilipiga kura 62 kwa 2 kuuzuia mpango, na rais Bush mwenyewe, aliyekuwa anautetea, hakufua dafu. Machi 9 DP World ikatangaza kwamba itaziachia shughuli za Marekani, na kabla ya mwaka kwisha zikapata mnunuzi, AIG, kampuni ya Kimarekani.

Hapo mtetezi wa makampuni tanzu akisema "huu ni ubaguzi", mimi nitamwambia ndiyo, ni ubaguzi mtupu. Wengi waliopiga kura ile hawakuusoma mkataba, walisoma jina.

Lakini tusiishie hapo. Palikuwa na swali halali chini ya kelele zile: kwa nini kamati ya serikali iliyopitia mpango ule iliumaliza kwa uchunguzi mfupi, gizani, ilhali mnunuzi anamilikiwa na dola nyingine? Swali hilo halikuhitaji neno "Mwarabu". Lingeulizwa hata kama mnunuzi angekuwa serikali ya Norway. Na ndilo lililozaa sheria ya 2007 iliyoimarisha uchunguzi wa manunuzi yanayofanywa na makampuni ya serikali za nje. Kelele za asili zilimfukuza mgeni mmoja tu, wakati swali la masharti liliacha sheria nyuma yake. Tofauti hiyo tuishike, maana nitairudia.

3. Hesabu ya ajira

Silaha kubwa ya watetezi hawa ni idadi ya watu walioajiriwa. Watakwambia makampuni tanzu ya kigeni yanaajiri takriban Wamarekani milioni 8, sehemu kubwa yao viwandani, kwa mishahara iliyo juu ya wastani. Takwimu hizo si za kupika, zinatokana na hesabu za serikali. Mwaka 2004, Marekani ilipokuwa inalia kwamba ajira zinapelekwa India na China, OFII waligeuza kibao kwa ustadi: wakaeneza neno lenye maana ya ajira zinazoletwa ndani. Kwamba mnalia na zinazotoka, mbona hamshangilii zinazoingia?

Sasa hebu tuulize: zinaingia vipi? Unaposikia "kuwekeza" unapata picha ya shamba tupu linalogeuka kiwanda. Ipo kweli. Honda walianza kutengeneza magari Marysville, Ohio mwaka 1982, Toyota wakafuata Georgetown, Kentucky mwaka 1988, na BMW wako Spartanburg, South Carolina tangu 1994. Hivyo ni viwanda ambavyo havikuwepo. Lakini fedha nyingi za kigeni zinazoingia Marekani hazijengi, zinanunua kilichokwisha kujengwa. Mwaka 2023 zaidi ya asilimia 90 ya fedha mpya za wawekezaji wa nje ilikwenda kununua makampuni yaliyokuwepo tayari.

Chukueni bia. Novemba 2008 InBev ya Ubelgiji ilikamilisha kuinunua Anheuser-Busch ya St. Louis, wapishi wa Budweiser, kwa dola bilioni 52. Mtu aliyekuwa anapika bia Ijumaa alirudi Jumatatu kupika bia ile ile, ila sasa anahesabiwa miongoni mwa "ajira za makampuni ya kigeni". Hakuna aliyemletea kazi, kazi yake ilihama daftari tu. Na mwezi uliofuata, Desemba, kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi wapatao 1,400 wa Marekani. Hesabu ya ajira "zilizoletwa" haina safu ya ajira zilizofyekwa baada ya ununuzi. Ukimwonyesha bosi mauzo bila kumwonyesha matumizi, hiyo si hesabu, ni tangazo la biashara.

Na hata kiwanda kipya kina bei. Mwaka 1993 Alabama iliahidi Mercedes-Benz misaada na misamaha ya takriban dola milioni 253 kwa kiwanda cha watu 1,500. Gawanyeni wenyewe: karibu dola 169,000 kwa kila ajira. Pengine ilifaa, maana kiwanda kilikua na wengine wakafuata. Lakini mwenye kutaja ajira bila kutaja gharama anakusomea nusu ya barua.

4. Popo kwenye kodi

Hadithi ya popo mnaijua. Alipoitwa kulipa kodi ya ndege alionyesha meno, alipoitwa kulipa kodi ya wanyama akakunjua mbawa.

Mambo ya kodi yanachosha, lakini hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo nivumilieni. Tuseme kampuni tanzu ya Ohio imepata faida ya dola milioni 100. Kabla ya 2018 kodi ya makampuni Marekani ilikuwa asilimia 35, kwa hiyo inadaiwa dola milioni 35. Lakini kampuni mama iliyoko nje iliikopesha tanzu yake fedha nyingi, na tanzu inamlipa mama riba ya milioni 60. Riba inaondolewa kwenye faida kabla ya kodi. Imebaki milioni 40, kodi ni milioni 14. Zile 60 zimeshavuka bahari, zimetua nchi yenye kodi ndogo. Mkopaji na mkopeshaji ni mtu na mama yake, na riba wameipanga wenyewe mezani kwao.

Bunge limejaribu kuziba tundu hili mara nyingi. Liliweka kikomo mwaka 1989. Mwaka 2007 mbunge Lloyd Doggett wa Texas alipendekeza kuwabana wanaopitisha malipo kwenye nchi yenye mkataba nafuu wa kodi ilhali mama halisi yuko kwingine. Mwaka 2016 serikali ya Obama ikatoa kanuni kuhusu mikopo ya ndani ya familia ya makampuni. Na mwaka 2007 na 2016 watetezi hawa walisimama kupinga, kwa wimbo ule ule: mnatubagua, mnahatarisha ajira.

Wana jibu lao, na si la kupuuzwa: makampuni ya Kimarekani nayo yana mbinu zake, mengine hata yalihamishia makao Bermuda au Ireland kwa karatasi tu, basi kwa nini kanuni iwaangukie wageni? Sawa. Lakini jibu la haki hapo ni kanuni moja inayombana kila mtu. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 ilikwenda upande huo: ikashusha kodi hadi asilimia 21, na ikaweka kikomo cha riba bila kujali nani anamlipa nani. Ajira hazikukimbia. Miaka yote ile tuliambiwa kikomo kikigusa tu, viwanda vitafungasha.

Upande wa pili wa shilingi ni mwaka 2025. Mei 22 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wenye kifungu, namba 899, cha kuwapandishia kodi wawekezaji kutoka nchi ambazo Marekani inaona zinatoza makampuni yake isivyo haki, hadi pointi 20 za ziada. Kampuni tanzu ya Ohio ingepigwa kwa sababu ya sheria iliyotungwa Paris au London. Watetezi walipiga kelele, na safari hii walikuwa sahihi kabisa: hiyo ni adhabu ya asili. Kifungu kiliondolewa mwishoni mwa Juni baada ya makubaliano na nchi za G7, na sheria ikasainiwa Julai 4 bila hicho. Naitaja ili ieleweke kwamba siwapingi kwa kila jambo. Napinga neno moja, ubaguzi, kutumika kwa 899 na kwa kikomo cha riba kana kwamba ni kitu kimoja.

5. Sauti ya nani?

Januari 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba makampuni yanaweza kutumia fedha bila kikomo kwenye matangazo ya uchaguzi, mradi hayampi mgombea moja kwa moja. Siku chache baadaye Obama akaonya kwamba mlango umefunguliwa hata kwa makampuni ya kigeni. Muswada ukaandikwa wa kuzuia, pamoja na mengine, kampuni ambayo mgeni ana asilimia 20 ya hisa. Ulipita Baraza la Wawakilishi, ukafia Seneti. Watetezi waliupinga kwa hoja kwamba unawanyima sauti mamilioni ya Wamarekani wanaofanya kazi kwenye makampuni hayo.

Hapa mhakiki lazima asimame. Mfanyakazi wa Ohio ni raia. Ana kura yake, ana mdomo wake. Muswada haukumgusa. Aliyeguswa ni hazina ya kampuni, ambayo mfanyakazi hana neno juu yake. Wamechukua haki ya mfanyakazi wakaivika kampuni.

Na mfanyakazi mwenyewe alipotaka sauti? Twendeni Chattanooga, Tennessee, kiwanda cha Volkswagen kilichoanza kazi 2011. Kwao Ujerumani wafanyakazi wa Volkswagen wana nusu ya viti kwenye baraza linaloisimamia menejimenti. Chattanooga Februari 2014 walipiga kura ya kujiunga na chama cha UAW wakashindwa 712 kwa 626. Kampuni yenyewe haikuwapiga vita sana safari ile. Waliopiga vita ni wanasiasa wa jimbo, wakidokeza kwamba chama kikiingia misaada ya serikali kwa kiwanda itakuwa mashakani. Walijaribu tena 2019 wakashindwa. Aprili 2024 ndipo wakashinda, kura 2,628 kwa 985. Miaka yote hiyo watu hao walikuwa wakihesabiwa kwenye ajira, lakini kwenye sauti hawakuhesabiwa.

Sisi tunaoishi nchi za watu tuna jambo jingine la kuliona hapa. Septemba 4, 2025 maafisa wa uhamiaji walivamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG huko Georgia, wakakamata watu 475, zaidi ya 300 wakiwa Wakorea, baadhi wakitolewa wamefungwa minyororo. Kampuni ilikwishapokewa kwa utepe na hotuba, watu waliokuja kukijenga kiwanda wakaondoka kama wahalifu. Mtaji unapata uenyeji siku unaposajiliwa. Binadamu anasubiri miaka foleni ya karatasi. Ukinisomea makala ya kutetea usawa kwa "kampuni ya kigeni" usinitajie ukarimu, maana ukarimu huo haumfikii mtu.

6. Na kwetu?

DP World ile ile ya 2006 ndiyo iliyokuja Dar es Salaam. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai yalisainiwa Oktoba 2022, na Bunge likayaridhia Juni 10, 2023. Mnakumbuka kilichofuata. Walikuwepo waliouliza maswali ya maana: muda uko wapi, tunajitoaje, mgogoro unaamuliwa wapi? Na walikuwepo waliopandisha "Mwarabu", na "Mzanzibari", na dini. Wa kundi la pili walilipa kundi la utetezi zawadi ya bure, kwa sababu kila swali la masharti liliweza kujibiwa kwa kuonyesha kidole kwenye ubaguzi. Baadhi ya wakosoaji wakakamatwa Agosti. Hata hivyo maswali hayakupotea: mikataba ya utekelezaji iliposainiwa Oktoba 22, 2023 muda ulitajwa wazi, miaka 30, na magati yakatajwa kwa namba, la 4 hadi la 7. Hilo halikuletwa na matusi.

Linganisheni pia hili. Baada ya sheria za rasilimali za 2017 na ugomvi na Acacia, Tanzania ilipata asilimia 16 kwenye migodi ya Barrick kupitia Twiga Minerals. Tukaambiwa ni utaifa wa kufukuza wawekezaji. Juni 2025 serikali ya Marekani ilimruhusu Nippon Steel wa Japani kuinunua U.S. Steel kwa sharti kwamba rais apewe "hisa ya dhahabu", yenye uwezo wa kukataa makao makuu yasihame Pittsburgh na viwanda fulani visifungwe. Kumbe mwenyeji kuweka sharti si ushamba. Ukubwa wa mwenyeji ndio unaoamua litaitwa jina gani.

7. Neno la kufungia

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watetezi wa makampuni tanzu wanataka mgeni asiitwe mgeni, na mimi nakubali, asiitwe. Lakini jembe je? Mwenye kutaka kuhesabiwa mwenyeji alime kama mwenyeji: alipe kodi mahali faida ilipopatikana, ahesabu ajira alizoua pamoja na alizozaa, na amwachie mfanyakazi mdomo wake. Kampuni ya nyumbani nayo iwekewe kipimo hicho hicho, ili asiwepo wa kulia kubaguliwa.

Na sisi wakosoaji tuna jembe letu: kusoma mkataba kabla ya kusoma jina la aliyeusaini.

Ni hayo tu kwa leo. Mlioko Dubai na Muscat, mnaoyaona makampuni haya yakiwa kwao, karibuni mpinge au muongeze.

Wasalaam.